Shajara ya tuta la vipepeo: kuchagua maua kwa kuhesabu wageni wake

Wiki ya 1

Kabla ya kushika jembe nimekaa kwenye kigoda siku tatu mfululizo nikitazama maua niliyonayo. Ni mengi na yanapendeza, ila bustani ni kimya. Vipepeo hupita juu yake wakielekea kwingine, hawatui. Nataka kujua kwa nini, kisha nataka kutengeneza tuta moja la mita 6 kwa 4, mahali panapopigwa na jua tangu asubuhi hadi alasiri, liwe lao kwanza.

Utaratibu wa kuhesabu ni huu: dakika 10 kwa kila fungu la maua, mara tatu kwa siku, saa tatu asubuhi, saa sita mchana na saa kumi alasiri. Anayehesabiwa ni mdudu aliyetua akanywa mbochi (maji matamu ya ua) au akakusanya chavua (unga wa ua). Aliyepita tu haandikwi. Mwanangu ndiye mshika saa, na hanionei huruma: zikitimia dakika 10 anafunga daftari hata kama kipepeo yuko njiani anakuja.

Waridi langu lililojaa petali tabaka juu ya tabaka halikupata mgeni hata mmoja kwa siku tatu. Mrehani uliochanua pembeni, kwa kuwa nilisahau kuukata, ulipata nyuki 23 katika hesabu moja ya asubuhi. Maua yake ni madogo meupe, mtu hupita bila kuyaona. Nimeyatazama mawili haya kwa zamu mpaka nikaona aibu kwa miaka yote niliyomwagilia lile waridi nikidhani ninalisha wadudu.

Sharti la mradi nimeliandika kwenye ukurasa wa kwanza: ua lisilotembelewa halipati nafasi kwenye tuta hili, hata liwe zuri vipi.

Wiki ya 2

Wiki nzima nimekuwa nikichagua. Kazi hii nilidhani ni ya jioni moja.

Nimeanza na umbo la mdomo wa mgeni. Kipepeo hunywa kwa mrija mrefu anaoukunja kama springi ya saa chini ya kichwa, kwa hiyo anaweza kufikia mbochi ulio ndani kidogo, lakini anataka pahali pa kusimama wakati anakunywa. Ua bapa au kichwa chenye maua madogo mengi yaliyokaribiana humfaa sana, kwa sababu akitua mara moja hunywa vikombe vingi bila kuruka. Nyuki wadogo na nzi wa maua wana midomo mifupi. Wanahitaji maua ya wazi yasiyo na kina, kama ya giligilani na shamari. Nyuki wakubwa wana nguvu ya kusukuma mlango, hivyo maua yenye koo kama ya mrehani si tatizo kwao. Tuta lenye umbo moja la ua litawaita watu wa aina moja tu.

Halafu rangi. Mwanasayansi Karl von Frisch, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1973, alionyesha mapema katika karne ya 20 kwamba nyuki wanaona rangi. Aliweka vyombo vya maji ya sukari juu ya vipande vya karatasi vya rangi mbalimbali, na nyuki wakajifunza kuirudia rangi yenye chakula. Nyuki huona buluu, manjano na hata miale ya urujuanimno ambayo macho yetu hayaioni, lakini nyekundu tupu kwao ni kama giza. Maua mengi yana alama za urujuanimno zinazoelekeza kwenye mbochi, mithili ya mishale iliyochorwa njiani. Vipepeo wengi, kinyume chake, huiona nyekundu vizuri. Kwa hiyo nyekundu na chungwa nimeziweka kwa ajili ya vipepeo, buluu, zambarau na nyeupe kwa ajili ya nyuki, na manjano ni ya wote.

Jambo la tatu ndilo lililonieleza kisa cha waridi. Maua mengi ya kisasa yamezalishwa ili yajae petali, na petali hizo za ziada mara nyingi ni stameni zilizogeuzwa. Stameni ndizo zinazotoa chavua. Ukiongeza petali unapunguza chakula, na kinachobaki hufunikwa na msitu wa petali asioweza kupenya mdudu. Hata alizeti zina jambo la kuangaliwa: zipo zilizozalishwa kwa ajili ya kukatwa na kuwekwa kwenye chombo, zisizotoa chavua kabisa ili zisichafue meza. Mbochi zinao, lakini nyuki anayetafuta chavua ya kulisha watoto wake huondoka mikono mitupu. Ninaponunua mbegu sasa nauliza maswali mawili: je, ua hili ni la petali za safu moja, na je, lina chavua?

Lantana nimeiacha baada ya kuvutana na nafsi yangu siku mbili. Vipepeo wanaipenda mno, hilo sina ubishi nalo. Lakini ndege hula tunda lake na kutawanya mbegu, na katika nchi nyingi za joto imegeuka gugu linaloziba malisho na kingo za misitu, tena majani yake ni sumu kwa mifugo. Siwezi kuwalisha vipepeo wangu kwa kuharibu makazi ya vipepeo wengine mbali na hapa.

Walioingia: zinia za petali za safu moja, kosmosi, alizeti zenye chavua, pentasi, mrehani, giligilani na shamari zitakazoachwa zichanue, na lavenda kwenye ukingo mkavu. Nimesia mbegu za zinia, kosmosi na mrehani kwenye kitalu leo. Pia nimesia zinia chache za petali zilizojaa, makusudi, ili nizihesabu kando ya dada zake.

Wiki ya 5

Miche imehamia kwenye tuta. Nimeipanda kwa kuichanganya, mmoja wa hiki, mmoja wa kile, kama kitambaa cha vipande. Inavutia kutazama.

Kwenye pembe ya kusini nimeacha kipande cha udongo mtupu, bila matandazo, ukubwa wa mlango. Watu wengi wakisikia nyuki huwaza mzinga, lakini kati ya aina zaidi ya 20,000 za nyuki zinazojulikana duniani, nyingi huishi peke yake, jike mmoja na shimo lake, na sehemu kubwa yao huchimba ardhini. Ukifunika kila inchi ya bustani kwa matandazo unawafungia mlango wa nyumba.

Wiki ya 6

Nimenunua miche minne ya asklepia, mmea wenye utomvu mweupe. Huu si kwa ajili ya mbochi tu. Vipepeo wa kundi la kisayansi liitwalo Danaus hutaga mayai kwenye asklepia na jamaa zake wa karibu, na viwavi wao hawali majani ya mimea mingine. Mpaka wiki hii nilikuwa napanga bustani ya wanaokunywa. Watoto wao sikuwa nimewafikiria kabisa.

Wiki ya 7

Wiki mbaya.

Jumatatu kipepeo jike wa rangi ya chungwa alikuja kwenye asklepia. Tulimtazama kwa karibu sana. Alitua kwenye ukingo wa jani, akalikwaruza kwa miguu ya mbele, upesi upesi, akaruka, akatua jani jingine, akakwaruza tena.

"Mama, anafanya nini?"

"Anaonja. Miguu yake ndiyo ulimi wake."

Na kweli ndivyo: vipepeo wana vihisio vya ladha miguuni, na jike hulionja jani kabla ya kumwachia mtoto wake. Alikunja tumbo kama ndoana, akaliingiza chini ya jani, akaacha yai moja. Baada ya kuondoka niligeuza jani nikaona kitone cheupe chenye mistari, kidogo kuliko punje ya mchele mara kadhaa. Tulikuta mayai 11 kwa jumla.

Ijumaa mayai yalianguliwa. Jumapili viwavi wote walikuwa wamekufa, weusi, wamejikunja juu ya majani waliyokuwa wameyatoboa kidogo tu. Nilimwendea aliyeniuzia miche. Alinieleza bila kuficha kwamba kabla ya kuuza humwagilia miche dawa ya kuulia wadudu ili majani yasiwe na doa, kwa kuwa wanunuzi hukataa jani lenye tundu. Dawa ya namna hiyo hunyonywa na mizizi, ikasambaa kwenye shina, majani, hata mbochi na chavua. Kuosha jani hakusaidii. Umoja wa Ulaya mwaka 2018 ulipiga marufuku matumizi ya dawa tatu za kundi la neonikotinoidi, ambazo nazo hunyonywa na mmea, kwenye mashamba ya wazi, sababu ikiwa ni madhara yake kwa nyuki.

Nimeing'oa miche yote minne na kuitupa kwenye takataka, sikuiweka kwenye mboji. Mwanangu alilia. Nami niliumia, kwa sababu yule jike alilionja jani kwa uangalifu wote ule na jani likamdanganya.

Kuanzia leo asklepia naiotesha mwenyewe kwa mbegu. Nimesia 20. Kila mche wa kununua, wa aina yoyote, nitauliza kwanza umepakwa nini, na asiyejua kunijibu sinunui kwake.

Wiki ya 10

Zinia ya kwanza imechanua, ya petali za safu moja, nyekundu.

Nimechukua kioo cha kukuzia nikapiga magoti. Kile tunachokiita ua moja ni mkusanyiko. Petali za pembeni ni bendera ya kuita wageni. Chakula kiko katikati, kwenye vimaua vidogo vya manjano, kila kimoja nyota yenye ncha tano. Havifunguki vyote siku moja. Vinaanza vya nje, pete kwa pete, vikielekea katikati, hivyo ua moja huwa na karamu mpya kila asubuhi kwa siku nyingi. Kipepeo aliyetua alizunguka ile pete kama mshale wa saa, akichovya mrija kwenye nyota moja baada ya nyingine, na alipomaliza mzunguko aliruka bila kugusa za katikati ambazo hazijafunguka.

Wiki ya 11

Hesabu niliyoingojea. Zinia za safu moja na zinia zilizojaa petali, mashina matano kwa matano, siku nne, hesabu 12 kila upande. Za safu moja: wageni 68, kati yao vipepeo 31. Zilizojaa: wageni 5. Ni mbegu za jamii moja, udongo mmoja, jua moja. Nilipopasua ua lililojaa kwa ukucha nilikuta petali hadi chini, na vile vimaua vya nyota vilikuwa viwili tu, vimebanwa.

Najua haya ni mashina kumi kwenye bustani moja. Kwangu yanatosha. Zilizojaa nimezikata nikazipeleka mezani, huko zinapendeza.

Wiki ya 12

Kosmosi zinapata nyuki wadogo na nzi wa maua kwa wingi, vipepeo wachache. Lavenda bado changa. Pentasi inapendwa kuliko nilivyotarajia. Alizeti mbili zimeanguka kwa upepo. Nimezifunga kwenye mti.

Wiki ya 13

Kile kitambaa cha vipande nilichokifurahia wiki ya 5 kimeonekana kuwa kosa. Nimemfuata nyuki mmoja kwa macho: alitoka kwenye ua la mrehani, akapita juu ya kosmosi, pentasi na zinia mbili bila kugeuka, akaenda kwenye mrehani mwingine mwisho wa tuta. Akafanya hivyo tena na tena. Nyuki katika safari moja hushikamana na aina moja ya ua, na hata Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aliliona jambo hilo zamani sana. Kwa mmea ni neema kubwa, kwa sababu chavua ya mrehani hufika kwa mrehani. Lakini mimi nilikuwa namlazimisha nyuki aruke mita sita kutafuta kile ambacho ningeweza kukiweka pamoja. Na kipepeo anayepita juu huona doa kubwa la rangi kwa urahisi kuliko nukta zilizotapakaa.

Nimehamisha inayohamishika na kusia upya isiyohamishika: kila aina kwenye fungu lake, karibu mita moja kwa mita moja, warefu nyuma wakikinga upepo. Katikati nimelaza mawe matatu bapa. Kipepeo hana uwezo wa kuruka vizuri mpaka misuli ya mbawa ipate joto la karibu nyuzi 30 za Selsiasi, na asubuhi ya ubaridi jiwe lenye jua humsaidia. Kando ya mawe nimezika sahani yenye mchanga uliolowa na chumvi kidogo sana. Siku ya pili walikuwa wametua vipepeo wanne kwa pamoja, mirija imenyooka kwenye tope. Wengi wanaofanya hivi huwa madume. Hunyonya sodiamu, iliyomo kwenye chumvi, ambayo mbochi unayo kidogo mno, na sehemu yake humpa jike wakati wa kujamiiana.

Wiki ya 15

Tumekaa nje usiku kwa mara ya kwanza tangu mradi uanze. Asumini ya ukutani hufungua harufu yake jua likishazama, na nilikuwa nimewasahau wachavushaji wa zamu ya usiku. Nondo mkubwa alikuja akaning'inia hewani mbele ya ua bila kutua, mbawa zikivuma, mrija umenyooshwa mrefu kuliko mwili wake. Maua yanayomngoja yeye ni meupe au ya rangi hafifu, yananukia gizani, na yana koo refu.

Hapa ndipo nilipomsimulia mwanangu kuhusu mwanasayansi Charles Darwin na ua la okidi la Madagaska, lenye mrija wa mbochi wa karibu sentimita 30. Mwaka 1862 Darwin aliandika kwamba lazima kuwe na nondo mwenye mrija wa kufika huko chini, ingawa hakuna aliyekuwa amemwona. Nondo huyo alielezwa kisayansi mwaka 1903, Darwin akiwa ameshafariki. "Kwa hiyo ua lilimwambia," mwanangu akasema. Nimeliandika neno hilo pembeni ya daftari.

Taa ya ukutani sasa inazimwa saa mbili. Mwanga wa usiku huwavuruga nondo wakaacha kula, na hapa palikuwa na taa inayowaka hadi alfajiri bila sababu.

Wiki ya 17

Asklepia za mbegu, 14 zilizoota, zimefika magotini. Kwanza walikuja vidukari, wa manjano, wamejaa vichwa vya mashina. Nilishika kopo la maji ya sabuni nikalirudisha chini, kwa sababu katikati yao kulikuwa na funza wadogo wa kijani, bila miguu, wanaojinyoosha huku na huku. Hao ni watoto wa nzi wa maua, wale wanaofanana na nyuki ila wana mbawa mbili badala ya nne na husimama hewani papo hapo. Mzazi anakunywa kwenye kosmosi na giligilani, mtoto anakula vidukari. Baada ya siku tisa mashina mengi yalikuwa yamesafishwa. Yaliyobaki niliyafuta kwa vidole.

Kisha yule jike wa rangi ya chungwa, au mwenzake, akarudi.

Viwavi sasa ni 16, wenye mistari myeusi, myeupe na ya manjano. Nimemwona mmoja akifanya jambo ambalo nililazimika kulitazama mara tatu ndipo nikalielewa. Kabla ya kula jani alirudi kwenye kikonyo chake akakitafuna nusu, utomvu mweupe ukatoka, jani likalegea na kuning'inia. Ndipo akaenda kwenye ncha akaanza kula. Amekata bomba ili utomvu unaonata usimfike mdomoni. Kiasi cha sumu ya mmea anachokula hubaki mwilini mwake, na ndege anayejua rangi hizo humwacha. Nami nimejifunza kunawa mikono kila nikigusa mashina hayo; utomvu wake ukiingia jichoni unachoma vibaya.

Jirani alichungulia juu ya ua wa miti.

"Jirani, majani yako yote yameliwa! Nikuletee dawa? Ninayo nyumbani."

"Asante sana jirani, lakini usilete. Hao ndio wageni niliowapandia."

Alinyamaza kidogo, akaomba apite aone. Alikaa na kiwavi yule muda mrefu. Kabla ya kuondoka nilimwomba jambo moja: kama ni lazima apulize dawa kwake, apulize jua likizama, na asipulize kwenye maua yaliyofunguka. Alikubali, na juzi amekuja kuomba mbegu za zinia.

Kwenye mndimu nako tumekuta viwavi wa aina nyingine, wachanga wanaofanana kabisa na kinyesi cha ndege. Ukimgusa mmoja anatoa pembe mbili laini za chungwa nyuma ya kichwa, na harufu kali haikutoki puani dakika nzima. Mndimu una majani mengi. Waache wale.

Wiki ya 20

Pupa tisa, yaani viwavi waliojifunga ndani ya ganda ili wageuke vipepeo, tumezihesabu, nyingine zimejificha tusipopajua. Kiwavi mmoja alijining'iniza chini ya ukingo wa kigoda changu, kwa hiyo kigoda hakikai mtu siku hizi.

Leo asubuhi ganda la pupa hiyo lilikuwa angavu kama kioo, rangi ya chungwa ikionekana ndani. Saa tatu kasorobo lilipasuka. Aliyetoka alikuwa na tumbo nene na mbawa ndogo zilizokunjamana kama karatasi iliyofinyangwa. Akaning'inia kwenye ganda lake, tumbo likipiga, na mbawa zikaanza kushuka na kutanuka kidogo kidogo, zikijaa maji ya mwili. Matone ya rangi ya udongo mwekundu yalimdondoka. Mwanangu alidhani ni damu, kumbe ni taka za kipindi chote cha pupa. Kilichotushika zaidi ni mdomo. Mrija wake ulitoka ukiwa nyuzi mbili zilizoachana, naye akawa anazikunja na kuzikunjua, kukunja na kukunjua, mpaka zikaungana zikawa mrija mmoja. Asipofanikiwa hapo, hatakunywa maisha yake yote.

Alikaa karibu saa mbili akikausha mbawa. Mshika saa hakufunga daftari.

Kisha akapanda juu, akapita mawe, akapita mrehani uliojaa nyuki, akatua kwenye fungu la zinia nyekundu za safu moja. Nimeandika kwenye ukurasa wa leo: saa tano na dakika 10, mgeni 1, amekunywa. Vichwa vya zinia vilivyokauka nimeviweka kwenye bahasha ya karatasi kwa msimu ujao, pamoja na maganda mawili ya asklepia yaliyofungwa uzi yasipasuke na kupeperusha mbegu kabla hazijakomaa. Bahasha ya tatu ni ya jirani.